Nimerithi gunia la waya za marehemu mjomba: zipi zinaingia wapi, na zipi nitupe?

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Poleni na majukumu.

Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila akirudi Tanga alikuwa hashuki mikono mitupu. Alifariki mwaka juzi. Wiki hii tumefungua stoo yake tukakuta deki ya VHS, redio kubwa ya Grundig, kanda kama thelathini hivi, na gunia (gunia kweli, la mchele) limejaa waya. Kaka zangu wanataka kuliuza kwa kilo kwa wale wanaotafuta shaba. Nimewakatalia, kwa sababu kuna kanda moja ameandika kwa mkono wake "Harusi ya Dada, 1996". Huyo Dada ndiye mama yangu, na hiyo harusi sisi hatujawahi kuiona hata picha mbili.

Waya nilizozitambua ni ile ya njano, nyeupe na nyekundu. Zilizobaki naona maruweruwe. Kuna ya kijani, bluu na nyekundu. Kuna yenye kichwa kipana kama kiberiti kikubwa, meno bapa mengi, pembe moja imekatwa. Kuna ya duara yenye pini tano nene, ya duara ndogo yenye pini nne, na ya bluu yenye skrubu mbili ubavuni. TV yangu ni flati, nyuma ina HDMI mbili, tundu la antena, na kitundu kidogo kama cha earphone kimeandikwa AV. Naanzia wapi?

MzeeWaChenga
Niko pale nimekaa nasubiri wajuvi. Ila dada usikubali gunia litoke humo ndani.

KakaMkubwaTz
Waya za nini zama hizi? Tupa zote, nunua HDMI moja maisha yaendelee.

BintiNgamiani
@KakaMkubwaTz deki haina HDMI kaka yangu, ndiyo shida yenyewe hiyo.

FundiMstaafu
Binti, pole kwa kuondokewa na mjomba. Baharia aliyehifadhi waya kwenye gunia moja ni mtu wa maana sana, wengine tunatafuta hizo waya miaka.

Nimekuwa fundi tangu bara hatujapata televisheni yetu, yaani kabla ya 1994, na makosa ninayoyaona leo ni yaleyale ya wakati ule. Mtu anaangalia rangi. Au anaangalia kama kichwa kinaingia. Kuingia si hoja, vichwa vingi vinaingia mahali pasipowahusu. Ukishika waya jiulize mambo mawili: ndani yake kunapita nini, na hicho kitu kinatoka kifaa gani kwenda kifaa gani.

Tuanze na hicho kiberiti chako maana ndicho kitakachokupa harusi. Kinaitwa SCART. Ni kazi ya Wafaransa, miaka ya sabini, na kuanzia 1980 serikali yao ikalazimisha kila TV mpya inayouzwa kwao iwe nacho. Ulaya nzima ikafuata. Ndiyo maana baharia anacho na jirani yako hana, kwa sababu vifaa tulivyoletewa huku kutoka Dubai na Japani vilikuja na yale matundu ya rangi tu. Kina miguso 21 ukihesabu na bati la nje. Humo kuna picha inayoingia, picha inayotoka, sauti za kuingia na za kutoka, na tena nyekundu, kijani na bluu za picha kila moja na njia yake. Mguso wa nane ndio unanifurahisha mpaka leo. Ukiwasha deki inapeleka volti kama 12 hapo, na TV inajihamisha yenyewe kwenda AV bila mtu kugusa rimoti. Miaka ya themanini hiyo! Vijana wakiona HDMI inafanya hivyo wanadhani ni ajabu mpya.

Sasa geuza deki utuambie mgongoni ina matundu gani. Na KABLA ya kuweka kanda yoyote, fungua kile kifuniko cha mbele cha kanda uimulike kwa tochi. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya mkate uliolala kwenye ule utepe uliojiviringisha, hiyo ni kuvu. Usiiweke. Itachafua vichwa vya deki na vitaambukiza kanda nyingine zote. Hali ya hewa ya Tanga naijua.

BintiNgamiani
Shikamoo fundi. Nimemulika zote. Saba zina unga mweupe, nimezitenga. Ya harusi ni safi, alhamdulillahi.

Mgongoni deki ina SCART mbili na matundu mawili ya antena. Njano na wenzake hakuna. Ila kwenye gunia nimekuta kidude cheusi, upande mmoja kichwa cha SCART, upande wa pili matundu matatu ya rangi.

FundiMstaafu
Marahaba. Hicho kidude ndicho daraja lako. SCART upande wa deki, waya ya njano, nyeupe na nyekundu upande wa pili.

Na hapa niseme kuhusu hizo rangi kwa sababu watu wanaziogopa bure. Vichwa hivyo vinaitwa RCA, jina la kampuni ya Kimarekani ya redio iliyovitoa zamani kwa kuunganishia santuri na redio. Njano ni picha yote iliyobanwa kwenye waya mmoja. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Lakini rangi ni alama ya kumsaidia mtu tu, shaba ya ndani haijui njano ni nini. Ukikosa njano pitisha picha kwenye nyekundu, mwisho mmoja na mwisho wa pili, itaonekana. Isipokuwa waya za picha zinatakiwa ziwe nene kidogo, za omu 75 na zenye kinga ya nyuzi kuzunguka ile ya kati. Ukitumia waya jembamba la sauti kwa urefu wa mita tano utaona picha ina kivuli chake pembeni.

Ile ya kijani, bluu na nyekundu vichwa vyake ni RCA vilevile, lakini yote mitatu ni ya picha, hakuna sauti hata tone. Kijani inabeba mwanga, hizo mbili zinabeba tofauti za rangi. Ni picha nzuri kuliko njano mbali sana, deki nyingi za DVD na mashine za gemu za zamani zilitoka nayo. Wengi wanachomeka hiyo nyekundu kwenye nyekundu ya sauti halafu wanaita fundi.

MtuWaSahare
Fundi ngoja nidandie hapo. TV yangu ina tundu la kijani ambalo pembeni lina alama ya njano pia. Nikichomeka DVD picha inakuja nyeusi na nyeupe. Nimebadilisha waya tatu.

FundiMstaafu
Waya zako nzima. Hilo tundu linatumika kwa kazi mbili. Njano inaingia kwenye kijani, sawa, lakini kwenye rimoti umechagua ile picha ya waya tatu, kwa hiyo TV inasoma mwanga peke yake na rangi inaitupa. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, tafuta palipoandikwa AV. Rangi itarudi.

MtuWaSahare
Imerudi!!! Waya tatu nimenunua bure jamani.

WaLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nimeuziwa waya moja, upande HDMI, upande wa pili RCA tatu. Muuzaji aliniapia inatoa picha kwa TV ya zamani. Haitoi kitu. Nimerudi akaniambia TV yangu ndiyo mbovu.

DishiJuu
@WaLikoni TV yako haina kosa. HDMI ni dijitali, namba tupu zinazokwenda kasi. Hizo tatu ni analogi. Waya mtupu hauwezi kutafsiri, lazima pawe na kijisanduku chenye chipu katikati na chenyewe kinataka umeme wa volti 5, kwa kawaida kinapata kwenye USB. Waya wa namna hiyo usio na kisanduku unafanya kazi kwa vifaa vichache mno vilivyotengenezwa makusudi, na mimi kwa mtaani sijakutana na hata kimoja.

Na ukienda kununua kisanduku soma mwelekeo! Viko viwili vinafanana kama mapacha. Kimoja kimeandikwa AV2HDMI, kinapokea kutoka kwenye deki ya zamani na kupeleka TV mpya. Kingine HDMI2AV, kinapokea kisimbuzi kipya na kupeleka TV ya chogo. Havigeuziki. Kile "2" kati kati kinasomeka "kwenda". Nusu ya visanduku vinavyorudishwa madukani naamini ni vizima, vimenunuliwa kinyume.

WaLikoni
Asante bro, sasa nimeelewa. Nilikuwa nataka wa pili, TV yangu ni ile yenye mgongo.

BintiNgamiani
Wakuu nimerudi, na habari si nzuri. Nimechomeka kidude kwenye deki, nikachukua waya ya AV ya kisimbuzi (kichwa kidogo upande mmoja, rangi tatu upande mwingine), kichwa kidogo kwenye TV. Hizo rangi tatu zinaingia kwenye kidude sawasawa. Kanda inazunguka, naisikia. TV inasema hakuna mawimbi, na spika zinaunguruma mmmmm.

DishiJuu
Huo mngurumo naujua, ni waya ya kisimbuzi. Kichwa hicho kidogo kitazame vizuri, kina mikanda mitatu myeusi imekigawa vipande vinne. Vipande viwili vya sauti, kimoja cha picha, kimoja ardhi, yaani njia ya kurudia ya zote. Tatizo watengenezaji hawakukubaliana nani akae wapi. Wengine ardhi wameiweka kipande cha tatu, wengine cha nne kule chini kabisa. Ukikosea, picha inakwenda kwenye ardhi na ardhi kwenye picha, ndiyo unasikia mmmmm.

Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye kile kipimo kinacholia. Ncha moja shika bati la nje la RCA yoyote, ncha nyingine pitisha kipande kimoja kimoja cha kile kichwa kidogo. Kitakacholia ndicho ardhi. Kisha angalia kitabu cha TV yako kinataka ipi. Huna mita, jaribu kwanza kubadilishana rangi: njano peleka penye nyekundu, nyekundu penye nyeupe, uzungushe. Kama ardhi iko sawa, mojawapo itatoa picha. Ikigoma zote ardhi imekaa vibaya, tafuta waya nyingine. Havitaungua, volti yake ni ndogo, picha nzima haifiki hata volti moja na nusu.

Tofautisha na waya ya dishi sasa, ile yenye kichwa cha kuzungusha kama nati na shaba ya kati imechomoza. Hiyo inabeba umeme kutoka kisimbuzi kwenda juu, volti 13 au 18 kutegemea chaneli. Nimewahi kuvua waya ya dishi kisimbuzi kikiwa kimewashwa, unywele mmoja wa kinga ukagusa shaba ya kati. Nilisikia "tik" tu. Kisimbuzi cha mteja, tena siku ya fainali. Tangu siku hiyo nachomoa kwenye soketi kwanza, hata mteja akinung'unika.

MzeeWaChenga
Nimecheka hiyo "tik" jamani. Ulilipa?

DishiJuu
Nililipa. Tuendelee na mada.

BintiNgamiani
Nimeazima mita kwa jirani. Waya ya kisimbuzi ardhi yake iko kipande cha nne, kitabu cha TV kinachora cha tatu. Kwenye gunia la mjomba nimekuta nyingine fupi, ardhi ya tatu! Nadhani ilikuwa ya kamera yake. Mngurumo umekata. Lakini picha bado, kimya kabisa, kiza.

FundiMstaafu
Binti, hicho kidude cheusi kina kiswichi kidogo ubavuni? Kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mchele.

BintiNgamiani
Kipo. Kimeandikwa IN na OUT. Kiko IN.

FundiMstaafu
Kisukume OUT.

Ndiyo nilichokuambia mwanzo, kinatoka wapi kwenda wapi. SCART ina njia za kuingia na za kutoka kwenye kichwa kimoja, na hicho kiswichi kinachagua ni zipi zifike kwenye yale matundu ya rangi. Mjomba pengine mara ya mwisho alikitumia kurekodi kutoka kwenye kamera kwenda deki, yaani kuingia.

BintiNgamiani
Imetoka.

Wakuu imetoka. Niacheni kwanza nitarudi.

MzeeWaChenga
Machozi. Mimi si ndugu yake lakini machozi.

KakaMkubwaTz
Sawa nakubali nilisema vibaya.

WaLikoni
Tukimsubiri, fundi maliza hizo zingine. Ile ya duara ndogo pini nne?

FundiMstaafu
S-Video. Ni katikati ya njano na zile tatu: mwanga unapita njia yake, rangi njia yake, kwa hiyo picha haina yale matone yanayotambaa kwenye kingo za rangi. Sauti haibebi. Usiichanganye na ya kipanya cha kompyuta ya zamani, ile ina pini sita na umbo ni lilelile. Watu wamepinda pini nyingi hapo.

Ya bluu yenye skrubu ni VGA, ya kompyuta, IBM walitoka nayo 1987. Analogi, pini 15, haina sauti. Projekta nyingi za shuleni bado zinaitaka, kwa hiyo usiitupe, mpe mwalimu.

Ya antena inajulikana. Deki ya zamani ilikuwa na kituo kidogo cha kurushia matangazo ndani yake, unaitafuta kwenye TV kama unavyotafuta chaneli, mara nyingi karibu na chaneli ya 36. Picha yake ndiyo mbovu kuliko zote, ila kwa chogo lisilo na AV ndiyo njia pekee. Na chogo msilifungue mgongo, nawaomba. Ndani kuna zaidi ya volti 20,000 na haziondoki kwa kuchomoa waya ukutani.

Nimeacha ile ya pini tano kwa makusudi. Hiyo ni DIN, ya Wajerumani, na nina hakika ni ya ile Grundig. Binti akirudi anijibu: nyuma ya redio kuna tundu la duara limeandikwa TA au TB?

BintiNgamiani
Nimerudi. Samahanini kwa kuwaweka.

Tumeangalia dakika arobaini, mama, shangazi na watoto wote. Kuna mahali picha ilikuwa inakatika mistari chini, nikazungusha kile kitufe cha TRACKING ikatulia. Mama hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaonyesha kidole, kuna mtu anacheza nyuma ya wapiga ngoma amevaa shati jeupe, akasema "huyo ndiye mjomba wako". Sasa tunajiuliza kamera alimwachia nani, maana inatikisika sana hicho kipande.

Fundi, redio ina yote mawili, TA na TB.

FundiMstaafu
Mungu awarehemu waliotangulia.

TA ni ya santuri, TB ni ya mashine ya kanda, kwa Kijerumani. Tumia TB. Kama redio ni ya transista, mwambie fundi wa hapo akutengenezee waya: kichwa kidogo cha simu upande mmoja, DIN upande wa pili. Namba za pini hazifuatani, ukihesabu kwenye nusu duara zinakwenda 1, 4, 2, 5, 3. Ya kati, namba 2, ni ardhi. Namba 3 ni kushoto, namba 5 ni kulia, hizo ndizo zinazopokea. 1 na 4 aziache, zinatoa sauti kwenda kurekodi. Ukichomeka huko utasikia kimya. Kama ni ya vile vitaa vya kioo ndani, usichomeke simu mpaka fundi aikague, baadhi zake bati la ndani limeshikana moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Halafu hiyo kanda ya harusi msiirudie kuangalia kila jioni. Kila inapopita inasuguliwa. Inakili kwenye kompyuta.

BintiNgamiani
Hapo tena mnielekeze.

DishiJuu
Tafuta kidude cha USB cha kunasa picha, upande mmoja USB, upande wa pili njano, nyeupe, nyekundu na mara nyingi S-Video. Kiingize mahali TV ilipokuwa, yaani deki, kidude cha mjomba, waya ya rangi tatu ya kawaida, USB. Kwenye programu chagua PAL, ndio mfumo wa picha wa TV za huku kwetu, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Ukiiacha kwenye NTSC, mfumo mwingine, picha itaruka au itakosa rangi. Kama mjomba alileta kanda kutoka Japani au Marekani, hizo ndizo za NTSC, na deki yake nayo iwe inazikubali.

Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Usiondoke, umeme ukikatika unaanza upya. Na deki msiichezee, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kilifunga kazi hiyo 2016. Zilizopo ndizo hizo.

BintiNgamiani
Nimewaelewa wote. Kaka zangu nao wamekaa wanachambua gunia kwa mafungu, SCART huku, RCA huku, wamenunua na vile vibano vya kufungia. Ziko SCART nne na kidude kingine cheusi cha pili.

KakaMkubwaTz
Dada samahani kwa yale ya mwanzo. Hicho kidude cha pili kina kiswichi? Baba yangu ana kanda za Arusha za miaka ya tisini ziko juu ya kabati, na deki yake mgongoni ina kiberiti.